Jina la Mama Yako, Bibi

Korogwe

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Jana nilikwenda Magoma kuwahoji wazee waliokata mkonge, kwa ajili ya shahada yangu ya pili ya historia ya familia. Bibi mmoja alinimiminia chai yenye sukari tele, maana foleni za dukani zimekwisha, kisha akanigeuzia maswali.

"Anza wewe. Mama yake bibi yako aliitwa nani?"

Nikazima kinasa sauti. Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Unasomea ukoo wa watu, wa kwako umemwachia nani?"

Ameapa hasemi neno mpaka nimpelekee jina. Niandikie upesi, Bibi. Miaka yote niliyolelewa kwako, sikuwahi kukuuliza.

Mumeo anayekukumbuka,
Saidi