Kengele ya Sukari ya Mama

Jumatatu, 9 Juni 2025

"Nani atahangaika kudukua sukari ya bibi wa Kasingirima?" Ndivyo alivyonijibu Leodgar, fundi wa zahanati, aliyembandika Mama mkononi kidude cha kupima sukari, kinachotuma vipimo kwenye simu na kuipigisha kengele sukari ikishuka mno. Akacheka! Kana kwamba komeo ni la wezi tu. Komeo ni la mbuzi pia, na watoto, na upepo. Wagonjwa wake wote kawapa namba ya siri moja: 1234. Nikamwambia hiyo si siri, ni kuhesabu. Eti wazee husahau. Mama asahau! Anakumbuka mpaka leo nani hakuja kwenye kipaimara changu.

Jumanne, 10 Juni

Siri gani! Mama amewagawia namba hiyo wanawake wote wa jumuiya. Kila mmoja anayo sukari yake kwenye simu.

"Mgonjwa hujuliwa hali," anasema. "Ulitaka wapande kilima kila siku kuniuliza?"

Asubuhi mmoja wao, Honorata, kapiga simu kutoka Kibirizi, katikati ya dagaa zake: "Mama Eufrasia, kumi na tano! Maandazi ya nani hayo?" Mama akaificha sahani — anaongea na simu! Nimecheka mpaka machozi.

Lakini wanaoona wanaweza pia kubadili. Nimemwambia. "Umesoma sana, mwanangu," akajibu, "mpaka unawaogopa wanaokuombea."

Alhamisi, 12 Juni

Nimemkuta kitini, jasho linamtiririka, maneno yamevurugika, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Chai yenye sukari tele, kijiko kwa kijiko, mpaka akanitambua. Kidude kilisoma mbili na nusu. Na simu iko hapo hapo kando yake — kimya! Kengele imezimwa.

Si mdukuzi. Ni Honorata, jana, kwenye rozari. Kakiri mwenyewe, analia mlangoni: "Ililia katikati ya Salamu Maria, dada. Tukampa chai kwanza, wallahi — ah, Mungu anisamehe — lakini ikaendelea tu. Nikaizima kwenye simu yangu. Nikasahau kuiwasha."

Nilitaka kumzaba kofi. Nikamkumbatia. Tukalia sote wawili, Mama akauliza nani kafa.

Ijumaa, 13 Juni

Leodgar kaja, leo hacheki. Nimembana: kumbe jirani anaweza kuruhusiwa kuona tu, asiguse kitu! Hakuweka hivyo kwa kuwa "ni kazi ndefu, mama, na wagonjwa ni wengi". Kawasha kengele, kampa Mama namba mpya, kapanda pikipiki kwenda Kidahwe. Hayo mengine atakuja kumalizia.

Hata vumbi halijatulia, namsikia Mama chumbani, sauti ya chini, tamu: "Honorata, andika. Usije ukadhani nimekufungia mlango."

Mama yangu huyu! Na Honorata ndiye huyu anaingia, bakuli la uji mkono huu, simu mkono ule.

Leodgar, geuza pikipiki! Maliza leo: kila mgonjwa na namba yake, jirani aone, asiguse. Na nyinyi akina mama wa jumuiya — itazameni sukari yake mchana kutwa, mgombezeni kwa maandazi, leteni uji. Ila kengele ikilia, msiizime. Kimbieni!