Tangawizi ya Kobe kwenye Sinia la Mama

Timbwani, Likoni,
12 Machi 1962

Kaka yangu mpendwa Ghalib,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Nakutakia Idi yenye baraka huko bandari ya Kobe uliko. Natumai afya yako ni njema na baridi ya huko imeanza kupungua. Sisi sote tu wazima, alhamdulillahi. Hata goti la Mama limepoa, naye alifunga Ramadhani yote.

Chupa uliyompa Rashid, baharia mwenzako, ilifika salama, na siku ya Idi nikayafuata maelezo yako. Nilitwanga tangawizi mbichi pamoja na kitunguu na karoti, nikatia siki, mafuta ya simsim na sukari kidogo, kisha yale maji meusi ya soya. Ami Jumaa alipoyaona yakimiminika, akaniita: "Tima, mwanangu, Idi yote hii watulisha wino?"

Rojo hilo nililimwaga juu ya matango na majani ya saladi aliyonipa jirani yetu Kahindi, ambaye huyalima kwa ajili ya hoteli za Shelly Beach. Mama aliyasukuma pembeni mwa sinia. "Majani mabichi hula mbuzi," akasema.

Lakini harufu ya tangawizi ilimshinda. Akaonja kipande cha tango, akaongeza cha pili. Akakamulia ndimu juu yake, maana unamjua: hakuna chakula kinachomridhisha kabla hajakitia mkono wake. Kisha akalivuta sinia zima upande wake.

"Nani aliyekufunza hiki?"

Wajua, kaka, kwamba tangu ulipoingia melini bila kumuaga, jina lako halikutajwa mbele yake. Ami Jumaa aliacha kutafuna.

"Ni Ghalib, Mama," nikajibu.

Papo hapo nikajuta kusema. Mama akaiinua chupa, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Imebaki nusu," akasema. "Ikisha, nyingine asimpe mtu kuileta. Aje nayo mwenyewe. Radhi yangu yamngoja hapa, na tumbo langu pia."

Tulicheka, kaka, na machozi yakitutoka.

Tangu siku hiyo Mama huyamimina yale maji meusi juu ya samaki, juu ya muhogo, hata juu ya maharagwe, wala mkono wake si mwepesi. Nadhani aimaliza chupa makusudi.

Ami Jumaa, mkewe Zubeda na wanawe wakusalimu sana. Mola akulinde huko uliko, na njia ya kurudi akufanyie fupi.

Ni mimi nduguyo akupendaye, na sasa si peke yangu nikungojaye,
Tima