Uchafu wa Mtaa wa Juu

3 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. U mzima? Mimi mwili haujambo, moyo ndio umechafuka. Jana mavi ya mtaa wa juu yamepanda tena kwenye shimo la bafu langu, yakaingia mpaka jikoni. Mavi, sitafuni maneno. Nimetapika mara mbili. Mcheza na tope humrukia, lakini mimi nilicheza na nani? Nimehamia kwa mama yako mdogo, anayenuna nikigusa sabuni yake. Wewe ndiye fundi wa pampu za majitaka. Niambie, nirudi lini kwangu? Andika, masikio yangu na simu hayapatani.

Mama yako

10 Mei

Shikamoo mama,

Barua imefika leo. Pole sana. Mimi sijambo, ila nimechoka na watu.

Pampu zetu tatu hupeana taarifa ili zisukume kwa zamu. Taarifa zinachelewa dakika tisa. Basi kila moja inaona nyingine zimepumzika, zinasukuma zote pamoja. Kisha kila moja inaona nyingine zinasukuma, zinalala zote. Bwana mkubwa wa kazini akaagiza ziitikie upesi zaidi, kwa taarifa zilezile zilizochacha! Ndipo yakapanda kwako. Leo asubuhi nimezipunguza kasi ya kuitikia, mwenyewe, bila ruhusa. Zimetulia. Rudi nyumbani, mama.

Mwanao

12 Mei

Mama, shikamoo,

Usirudi! Bwana mkubwa amegundua, ameniita mpumbavu mbele ya vibarua, na amerudisha kila kitu kama alivyotaka. Hata kumpa mkono naona kinyaa. Vumilia hapo kwa mama mdogo. Barua hii nampa karani wa basi ili iwahi.

Mwanao

21 Mei

Mwanangu,

Sikuulizi hali. Barua yako ya kwanza ilifika tarehe kumi na saba. Nikarudi siku hiyohiyo, nikapiga deki, nikatandika shuka mpya. Juzi yakapanda mpaka kwenye godoro. Hiyo ya pili karani kaniletea leo, ati alikuwa likizo nayo mfukoni. Nimeisoma nimesimama juu ya meza.

Bwana mkubwa wako simjui. Aliyeniambia nirudi, kwa utulivu wa asubuhi moja, ni wewe. Nilikuamini upesi kwa sababu nimekuzaa.

Sasa kinachonitia kinyaa ni hizi karatasi zako. Usiandike tena. Njoo na chepe, uzoe mwenyewe.

Mama yako