Mama, Yule Mzee wa Sinema Anakusalimia

Mpendwa Mama,

Yule mzee anakusalimia. Jana tulikuwa naye Nyabiondo, ndani ya chumba cha shule, na mvua ilipiga bati mpaka nikalazimika kupaza sauti kama muuza mbuzi. Alipumzishwa kazi vilevile, akapewa saa yake vilevile, akapelekwa kwenye ile nyumba ya madirisha marefu, na mwishoni akainua mkono wake. Kuna jambo lilitokea pale mwishoni, nitalifikia. Niliporudi Masisi nilishika njia ya jikoni kwako kabla hata ya kuvua viatu, kwa mazoea, ili unikute na swali lako. Nikasimama mlangoni, nikakumbuka kwamba tulikuzika baada ya mavuno ya maharage. Veronika, mke wangu na mkwe wako, alikuwa anachochea moto. Akaniambia, "Ingia, chai iko." Nikaingia.

Hukujifunza kusoma, kwa hiyo barua hii nitaisoma kwa sauti, na yeyote aliye karibu asikie. Wewe na mimi hatukuwahi kuwa na siri kubwa.

Papa alipofariki ulibaki peke yako kule Walikale, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Dada zangu walikuwa wameolewa mbali. Mimi nilikuwa huku kwenye misheni, nafundisha watoto, na siku za sinema nasimama kando ya shuka jeupe kuwaeleza watu picha. Padri alikuwa anazungusha mashine, mimi ndiye mdomo wake. Sinema zenyewe zilikuwa za mbu, za kunawa mikono, za namna ya kukausha kahawa. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa wewe.

Kila nilipokuja kukutembelea nilikuomba uhamie kwangu, na kila mara ulikuwa na jibu. Paa lilipooza upande mmoja, ulihamisha kitanda upande wa pili ukaniambia nyumba bado ni kubwa. Ulipoteleza njiani ukavimba mguu, majirani waliniambia wakati ulikuwa umeshapona na umesharudi shambani. Nilikuwa na hofu moja tu, Mama, nayo ilinikondesha: kwamba siku moja dereva wa kamyo ya mizigo atashuka mbele ya shule na kunipa habari kwamba umeshazikwa.

Mwishowe ulikubali kuja, "kuangalia tu," ulisema. Nilikuwa nimekuandalia chumba ndani ya nyumba yangu ya matofali, na sikumbuki kama nimewahi kujivunia kitu namna ile. Kitanda cha chuma chenye springi, kiti, dirisha la kioo. Veronika alishona pazia la maua. Ukaingia, ukakaa juu ya kitanda, springi zikalia, ukangoja mpaka zitulie. Ukaweka mikono juu ya magoti.

"Iko muzuri," ulisema.

Ukaletewa bugali na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani, ukala. Kesho yake hivyohivyo. Ulipoushika ungo kupeta maharage, Veronika alikuondolea mikononi kwa heshima zote: "Mama, pumuzika. Ulishatumika sana." Ukarudi kwenye kitanda, mikono juu ya magoti. Jumapili haijafika ulianza kuuliza kamyo ya Walikale inapita siku gani. Sikuelewa. Nilidhani ni Papa unamkumbuka, au msitu, au chumvi ya Veronika.

Ilikuwa wiki hiyohiyo Padri alipopokea sinema mpya ndani ya kopo lake la bati. "Hii ni ya uzee," aliniambia. Alitaka watu waone namna wazee wanavyoishi kwao Ulaya. Mchana ule tulifunika madirisha ya shule kwa mablanketi. Watu wa shamba la pareto walikuja, mama zetu walikuja na watoto mgongoni, na wewe ulikaa benchi la mbele kabisa pamoja na Veronika, umejifunga kitambaa chako cha ibada.

Unakumbuka tulivyompenda mara moja? Alikuwa mwendesha treni, mwenye masharubu, aliyekunywa kahawa yake amesimama. Alipanda kwenye injini, akapiga filimbi, watoto wakapiga kelele. Halafu picha zikaonyesha siku wakubwa wake walipokusanyika, wakamshika mkono mmojammoja, wakampa saa ya mfukoni yenye mnyororo. Akaenda nyumbani jua likiwa juu. Nikasema kama Padri alivyonielekeza: "Sasa amepumzishwa kazi."

Papa Bauma, aliyekuwa kapita, msimamizi wa shamba la pareto, akauliza kutoka nyuma, "Aliiba nini?"

"Hakuiba, Papa. Amezeeka."

"Banamufukuza juu ya kuzeeka?"

"Hapana kufukuzwa. Anakaa kwake, na banaendelea kumulipa."

Papa Bauma akanyoosha kidole kwenye shuka. "Bon. Na ile saa ni ya nini, kama hana tena fasi ya kuchelewa?"

Chumba kizima kilicheka. Hata Padri nilimsikia nyuma ya mashine yake. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeinama mbele, umemkazia macho yule mzee kama mtu anayetafuta jina la ndugu.

Halafu mke wake akafa. Mama zetu walilia kweli, ikabidi nikae kimya mpaka watulie, wakati picha zinaendelea kupita bila maneno. Halafu wakatokea watoto wake, mwanamume na mwanamke wenye makoti mazuri, wakampeleka kwenye nyumba kubwa ya madirisha marefu. Wakamwonyesha chumba. Kitanda cha chuma, kiti, dirisha. Na pazia la dirisha hilo, Mama, lilikuwa la maua.

Nilikutazama, nikaona mikono yako iko juu ya magoti, na kwenye shuka mikono yake iko juu ya magoti.

Hukuwa mtu wa kusema mbele ya watu. Lakini ulisema, tena kwa sauti ya kusikika:

"Huyu muzee, moto yake iko wapi?"

Padri ndiye aliyejibu kutoka nyuma, kwa upole. "Iko ndani ya zile bomba za chuma chini ya dirisha, Mama. Joto inapita humo."

"Na nani anaiwasha?"

"Kijana mmoja, chini kabisa. Anawasha kwa wote."

"Basi haiko yake," ulisema. "Na mugeni akimufikia, atamupikia wapi?"

Mashine iliendelea kunguruma, na wanawake wakaanza kuulizana wao kwa wao, atampikia wapi. Kwenye shuka mzee aliletewa supu ndani ya bakuli. Kazi yangu ilikuwa kusema kwamba anatunzwa vizuri. Nilisema, na ilikuwa kweli, alikuwa safi na alikuwa ameshiba. Lakini nilisema kwa sauti ndogo.

Picha ya mwisho unaijua. Mzee yuko dirishani, anatazama nje, anainua mkono, na shuka linabaki jeupe. Padri alikuwa amenielekeza niseme kwamba anaiaga dunia. Kabla sijasema, Papa Bauma akauliza, "Anasalimia nani?"

Wewe ndiye uliyemjibu, bila kugeuka. "Mutoto yake amefika. Mutu hainue mukono bure."

Tulirudi nyumbani mvua inanyesha, mimi na wewe chini ya jani moja la mgomba, Veronika mbele chini ya lake. Nikakuuliza kama chumba changu hukukipenda.

"Chumba iko muzuri," ulisema. "Ni chumba ya mugeni. Nikibaki mule nitakuwa mugeni mpaka kufa."

"Sasa unataka nini, Mama?"

"Mwalimu ni weye. Miye nilikuja kuangalia tu."

Ukaondoka na kamyo ya kwanza. Sikukuzuia. Nilisimama barabarani na ile hofu yangu, lakini safari hii nilikuwa nimejua la kufanya, na hilo peke yake lilikuwa nafuu.

Papa Bauma alinisaidia. Alikuwa naye amepumzishwa kazi, tena bila saa, na alifurahi kupata mahali pa kwenda asubuhi. Tulijenga nyuma ya nyumba ya matofali kijumba cha miti na udongo, na mlango wake tukauelekeza kwenye njia, ili wageni wakufikie wewe kabla ya kutufikia sisi. Kitanda kilikuwa cha fito, hakisemi kitu. Kando tulikukatia shamba dogo la maharage. Katikati ya kijumba nilipiga sakafu, nikaiacha tupu. Halafu nikamtuma dereva wa kamyo: mwambie Mama jiko lake liko tayari, limekosa mafiga tu.

Siku nyingi zikapita kimya. Veronika alianza kuniambia nisikae kila saa pale barabarani, watu watanicheka. Kisha siku moja watoto wa darasani wakapiga kelele, nikatoka nje, na wewe ulikuwa unashuka kwenye kamyo na kitunga chako mgongoni, mkanda umekaza kipajini. Nilitaka kukupokea ukakataa. Ulitembea na mzigo wako mpaka ndani ya kijumba, ukaushusha, ukaanza kutoa: nyama ya kukauka, uyoga, jembe. Chini kabisa, ndani ya majani ya mgomba, ulitoa figa moja la kule kwetu, jeusi kwa moshi wa miaka yote ya Papa. Ukaliweka katikati ya sakafu.

"Mbili utatafuta weye," ulisema.

Nilikimbia mtoni, Mama, na nilikimbia nalia, mwalimu mzima mwenye kaptula iliyojaa vumbi la chaki. Nikarudi na mawe mawili laini mazuri. Uliyaangalia ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Jiwe ya mutoni inapasuka kwa moto, mutoto yangu. Rudia kule mulimani." Nikarudia. Jioni ile ulitupikia wewe, na sisi ndio tulikuwa wageni wako.

Sijawahi kuona mtu akipokea watu kama wewe. Papa Bauma hakukosa siku. Wanawake wanaotoka sokoni walitua mizigo kwako. Veronika alilalamika kwamba watoto wetu hawali kwake, "Banashibia kwa nyanya, banakuja huku kulala tu," kisha naye akachukua ungo wake akahamia kwako kupeta. Katika chumba cha pazia la maua tuliweka magunia ya maharage yako.

Na kila niliporudi na sinema kutoka vijijini, kama ni Kingi, kama ni Kashuga, ulinikuta na swali kabla sijakaa.

"Ule muzee anaendelea namna gani?"

"Iko muzima, Mama. Anakusalimia."

"Mutoto yake alifika?"

"Alifika."

"Nilikuambia." Halafu ndipo unanipa chakula.

Ulijua ni picha. Ulinieleza siku moja kwamba picha haipigwi mtu ambaye hayuko, kwa hiyo mzee yuko mahali, na mtu aliye mahali anaulizwa hali. Tangu siku ile sijasema tena kwamba anaiaga dunia. Kila mahali nasema mtoto wake amefika. Padri aliniambia mara moja, "Mwalimu, hiyo haimo katika maelezo." Nikasema ndiyo, Padri. Hakurudia kuniambia.

Ulipougua haikuchukua muda. Asubuhi ile nilikuwa nimefika kutoka safari, na ulikuwa umelala kando ya moto wako, unamwagiza Veronika apunguze kuni maharage yasishike. Uliniuliza habari za mzee. Nilikujibu kwamba mtoto wake amefika.

"Basi mumupe kiti," ulisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya mwisho yaliyonyooka. Maharage yaliiva, na waliokuja kulia waliyala, kutoka katika chungu chako.

Watu walinipa pole, na huzuni ilikuwepo, ipo mpaka leo nikiona kile kiti chako kidogo. Lakini sikuweza kuwaambia waombolezaji ninachokuambia wewe: nilipumua, Mama. Ile hofu ya dereva wa kamyo ilinishika miaka mingi, na haikutimia. Hukufa peke yako kule msituni, wala hukufa mgeni katika chumba changu kizuri. Ulikufa mwenye nyumba. Nalala usingizi mzima siku hizi, na Veronika anasema nakoroma.

Sasa lile la jana. Pale Nyabiondo, mzee alipofika dirishani, nilijiandaa kusema, na alipoinua mkono sauti ikanikatika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona picha ile tangu tukuzike. Shuka likabaki jeupe na mimi nimesimama kando yake kama mwanafunzi aliyesahau somo. Mwanamke mmoja mzee wa benchi la mbele, nisiyemjua, akaniuliza anamsalimia nani. Kisha akageuka, akawaambia wenzake mwenyewe, "Ni mutoto yake. Amefika."

Hapo sauti yangu ilirudi. Nikasema, "Basi mumupe kiti."

Na kwenye benchi la mbele, Mama, wale wazee walisogea, wakaacha nafasi ya mtu mmoja.

Pumzika vizuri. Moto wako tunaulinda, na mlango bado unatazama njia.

Ni mimi mtoto wako wa mwisho,
mdomo wa Padri.