Chumvi ya Ng'ombe Kwenye Mashine ya Maji

Noonkopir,
Kitengela.
16 Machi 2025

Mpendwa dada Virginia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi letu. Hujambo? Shemeji Roy na watoto wanaendeleaje na hiyo baridi ya Kanada? Sisi tu wazima, ni mafua kidogo tu. Mama naye ni mzima, na barua hii ni yake zaidi, kwa hivyo keti vizuri.

Unajua nilimtoa Kangema alipoanguka kule shambani, akalala chini mpaka jirani akamkuta. Niliapa hataishi peke yake tena. Hofu yangu ilikuwa maji ya hapa. Maji ya kisima ni magumu: sabuni haitoi povu, maharagwe hayaivi, chai inafanya utando. Ndiyo maana tuliweka mashine ya kulainisha maji, ile inayokula chumvi ya mawe, na Mama akaanza hata kuisifu chai.

Basi mwezi uliopita chumvi iliisha tukiwa kazini. Mama akaona atusaidie. Alimwomba Simel, jirani yetu mfugaji, amletee chumvi kutoka Kisaju. Simel akiambiwa chumvi anafikiria ng'ombe tu, akaleta ile ya kulambwa na mifugo, unga wa kijivu uliojaa madini. Mama akamimina mfuko mzima. Ikageuka matope, ikaziba mashine, na utando ukarudi kwenye chai.

Fundi niliyemwita alitazama kidogo akasema tununue mashine nyingine. Mama alisikia. Kesho yake nikamkuta amefunga mkoba.

"Nimeharibia watu nyumba," akasema. "Nirudishe kwangu."

Nilibembeleza mpaka nikachoka. Unamjua akishakaza uso.

Sasa sikia ya Ndanu, huyo huyo mke wangu uliyesema hajui kuchemsha hata chai. Yeye hakubembeleza. Alifunga maji, akapiga magoti nyuma ya mashine, akamwita Mama kwa Kikamba chake: "Mwaitu! Kuja unishikie tochi, huku chini sioni kitu."

Ilikuwa mchana kweupe, dada! Mama akaja, mkoba begani. Wakachota matope, wakasugua pipa. Ndanu akafungua kile kitundu kidogo kinachovuta maji ya chumvi, akampa Mama mswaki mkuukuu akisugue, eti vidole vyake yeye ni vinene. Mkoba ukawekwa sakafuni. Wakajaza chumvi ya mawe, wakaiwasha mashine ijisafishe, wakakaa kuisikiliza ikinguruma kama watu wanaongojea matokeo ya mtihani. Chai ya jioni ilitoka safi, na hakuna aliyetaja ng'ombe. Nilimwonea fahari huyu mwanamke mpaka nikatoka nje kujifanya naangalia tangi.

Siku hizi mashine ni ya Mama. Kila Jumamosi anavunja ukoko wa chumvi kwa mwiko, na hakuna anayegusa mfuko bila ruhusa yake. Yule fundi aliporudi kuuliza kama tumeamua, alijibiwa na Mama getini: "Hapa tuko na mafundi wawili."

Nisalimie Roy na watoto. Binti yetu Caro na shangazi Waithera wanawasalimu sana. Mungu awafunike huko mliko, awarudishe salama mje mnywe hii chai.

Mama hana salamu ndefu. Amesema tu nikuambie kwamba kesho ananituma Kangema nikamletee kuku wake.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye hata ukimsema mke wake,
Irungu