Akaunti ya Mama Mdogo

Jumatatu, 11 Machi

Meneja amenipa kazi mpya: nisafishe makundi ya wiki. Siyo wiki ya siku saba — ile tovuti yetu ya ndani, tunamoandika kila kazi inavyofanywa. Anataka ijulikane nani anasoma tu, nani anaruhusiwa kubadilisha, nani haingii kabisa. Nimekubali upesi. Lile fujo lilishanichosha.

Makundi yamejaa utadhani uyoga! Lipo "Muda", la watu walioacha kazi zamani. Lipo "Jaribio", ndani yake tuko mimi na mlinzi. Nimemuuliza mlinzi amefikaje humo. Hajui, ila ameomba asitolewe. Nimemwacha. La juu kabisa, lenye uwezo wa kufuta chochote, lina mtu mmoja tu: mimi. Hilo sikuligusa.

Jumanne, 12 Machi

Kumbe watu wanaona kundi ni cheo! Mhasibu nimemtoa kwenye wanaobadilisha kurasa za mashine, nikamweka kwenye wasomaji. Mashine zenyewe hajawahi kuzigusa. Amenuna tangu asubuhi, akapita mezani kwangu bila salamu. Baadaye akarudi kuniuliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna. Hakuniamini. Nimemrudisha, yaishe.

Kurasa za chumba cha kufulia, zenye vipimo vya dawa za kufulia, zote zimeandikwa na mtu mmoja: mama mdogo. Ndiye msimamizi wa huko chini. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ndiye aliyenishika mkono akanileta kwa Meneja. Sasa nimetazama tarehe zake. Anaandika mchana, anaandika usiku wa manane. Jumamosi ile tuliyoshinda naye harusini, ameandika pia! Nimecheka peke yangu.

Nimeshuka chini. Neno lake la siri limeandikwa kwa kalamu nene ubavuni mwa mashine ya tatu. Chumba kizima kinaingilia hapo.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia mama mdogo, kwa upole, kwamba haifai. Akanikumbusha yaliyopita: aliwaombea wafuaji wake akaunti, akajibiwa kwanza wawe na barua pepe ya kampuni. Barua pepe wanapewa walio kwenye kundi la Ofisi. Na kundi la Ofisi ni la wenye meza. Wafuaji hawana meza.

"Sasa mwanangu, ulitaka wapime dawa kwa kukisia?"

Kanuni hiyo naisimamia mimi.

Alhamisi, 14 Machi

Mambo yameharibika. Mashuka ya bluu ya mteja wetu mkubwa yametoka na mabaka, yote. Juzi usiku mtu alibadilisha ukurasa wa mashuka ya rangi, akaweka kipimo cha dawa ya mashuka meupe. Zamu ya jana ikafuata ilivyoandikwa. Jina kwenye ukurasa ni la mama mdogo. Na juzi usiku alikuwa nyumbani. Ukuta kati ya chumba chake na changu ni mwembamba, nilimsikia akikoroma.

Meneja amemwita. Hakukana. Amesema akaunti ni yake, basi kosa ni lake. Meneja anataka kumbukumbu ya mabadiliko kesho saa kumi. Jina litakalokuwemo, mwenyewe atawajibika. Mama mdogo atavuliwa usimamizi, pengine na kazi yenyewe.

Jioni nyumbani nimemuuliza ni nani hasa. Alikuwa anakunja nguo, hata hakuinua kichwa.

"Ukimjua utamwandika. Kazi yako ndiyo hiyo. Basi usimjue."

Nimekasirika hadi machozi. Na bado nimempenda, katika hasira ileile.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa ofisini, kitu ambacho huwa sifanyi.

Asubuhi nilimwendea Meneja nikamweleza yote: neno la siri kwenye mashine, barua pepe, meza. Akaniuliza kama namtetea mama yangu mdogo. Nikasema ndiyo, namtetea, na ninachosema ni kweli vilevile. Kisha akakubali: kila mfuaji apewe akaunti yake leo leo, liwepo kundi lao, habari za barua pepe zife. Lakini kumbukumbu anaitaka palepale saa kumi.

Mchana nimeshuka kuwafungulia akaunti. Hata wa zamu ya usiku walikuja. Mmoja alichagua neno lake la siri, akalitangaza chumba kizima. Tukaanza upya, huku wanacheka. Wa mwisho alikuwa yule wanayemwita Mpole. Bado yuko kwenye majaribio, hajathibitishwa kazini. Aliniuliza jambo moja tu: ukiandika kitu sasa, jina lako linabaki? Nikamwambia linabaki, ndiyo maana yake. Akaitikia kwa kichwa.

Nimerudi juu nimeridhika. Saa tisa na nusu ikaingia taarifa: ukurasa wa mashuka ya rangi umebadilishwa. Mpole. Kipimo amekirudisha sawasawa. Na kwenye nafasi ya kueleza sababu ameandika: "Nimerekebisha. Jumanne usiku niliyekosea ni mimi, siyo msimamizi."

Furaha ilinijaa! Mama mdogo amepona. Niliinuka kwenye kiti kabisa. Halafu nikakaa. Aliye kwenye majaribio haitwi hata kuulizwa, anapewa barua ya kuondoka tu.

Nimekwenda dirishani, chumba cha kufulia kinaonekana chote. Wako wawili, mama mdogo na Mpole, wanakunja shuka kubwa. Kila mmoja ameshika ncha zake, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana. Mama mdogo anaongea kitu, Mpole anatabasamu. Mama mdogo hajui.

Meneja amepiga simu: kumbukumbu iko tayari? Nimeomba dakika tano.

Ile sentensi naweza kuifuta, wala isijulikane kuwa iliwahi kuandikwa. Mpole atapona. Nikiiacha, atapona mwingine. Nimetafuta jina lililo juu yangu kwenye makundi, walau nimwulize mtu. Halipo. Kila mtu humu ana wa kumwomba ruhusa, isipokuwa mimi.

Simu inaita tena —