Aliposema Ghali

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Hakuna barua. Wiki ya tatu sasa.

Nimekaa mbele ya kompyuta ya Bi Rukia saa nzima. Ana ofisi ya simu hapa Voi, na mchana wateja wakipungua huniachia kiti. Mashine inalia kama paka aliyekanyagwa, inanyamaza, kisha ukurasa wetu unafunguka mstari kwa mstari. Vikapu kumi na kimoja vya Kasigau. Vinapendeza. Hakuna anayevitaka.

Nijiandikie wazi ili nisijidanganye. Shirika moja la Nairobi linaweka picha za kazi za mikono kwenye intaneti. Watu wa ng'ambo wanaziona, na anayependa anatuma imeli, barua ya kompyuta. Shangazi Mghoi aliposikia habari hizi kwangu, alikusanya wanawake wa kikundi chake, akawasihi wasimuuzie dalali wa Mombasa mwezi huu. Walikubali kwa sababu yangu, msichana wa kidato cha tatu anayejua Kiingereza na kupiga chapa. Ndovu wamekula mahindi yao. Wamebaki na vikapu tu. Dalali anarudi Jumamosi ya tarehe 14. Ikifika siku hiyo hatujauza hata kimoja, watampa vyote kwa bei yake, na hawatanisikiliza tena.

Siku kumi na mbili.

Jumatano, 4 Agosti

Hakuna.

Nimesoma upya kila nilichoandika chini ya picha. Tahajia ni sawa. Sarufi ni sawa. Mwalimu wa Kiingereza angenipa alama nzuri. Sielewi kosa liko wapi. Mama anasema nisaidie kuchambua maharagwe badala ya kukaa nimekunja uso.

Ijumaa, 6 Agosti

Barua! Mwanamke wa Uholanzi. Nainakili hapa kwa Kiswahili, yote, maana ni fupi: "Kikapu nambari nne ni kizuri sana. Kwetu ni ghali. Asante."

Nilitaka kulia hapo hapo kwenye kiti cha Bi Rukia. Nambari nne ni cha Nyanya Saru, mkubwa kuliko wote kwenye kikundi. Kesho naenda Kasigau kuwaambia. Sitaki wasikie kutoka kwa mtu mwingine.

Jumamosi, 7 Agosti

Siku ya ajabu.

Nilifika nimekaza moyo. Walikuwa uani kwa Shangazi, wanasokota nyuzi za mkonge. Nikawasomea barua kwa sauti ya msiba. Nilipofika kwenye neno ghali, Nyanya Saru akapiga kigelegele. Wenzake wakampokea. Mama Chao akaacha uzi akacheza.

"Amesema ghali! Jamani, ameanza!"

"Mwambie aseme yake," Nyanya Saru akaniambia. "Haraka, kabla hajafika kwa jirani."

Ndipo nikaelewa. Sokoni anayesema ghali ndiye mnunuzi. Asiyetaka hupita kimya. Bei walizonipa zote ni bei za kuanzia, karibu mara mbili ya wanachotarajia, na mimi nikazipiga chapa na kuzipeleka Nairobi bila kuuliza. Nimekulia hapa. Kila Jumanne namwona Mama akibishania nyanya sokoni. Kosa ni langu.

Niliwaeleza kwamba huyu mama wa Uholanzi hakuwa anaanza. Alikuwa anaaga.

Kigelegele kiliisha.

Jumapili, 8 Agosti

Nimelala huku. Baada ya kanisa tulikaa tena. Niliomba kila mmoja anipe bei yake ya mwisho niiandike kwenye ukurasa. Walinitazama kana kwamba nimewaambia wavue nguo.

Nyanya Saru alikuwa mkali. "Bei ya mwisho haisemwi mbele za watu. Nikiitaja mwanzoni, nitasema nini baadaye?"

Nikasema hakuna baadaye. Akasema basi hiyo si biashara, ni duka la serikali. Wakacheka. Mimi sikucheka. Shangazi alinitetea kidogo, lakini naye anaona aibu. Jioni nilienda nyuma ya nyumba nikakasirika peke yangu. Nimewakasirikia wao, nimejikasirikia mimi, nimemkasirikia hata yule Mholanzi.

Lakini swali la Nyanya Saru limenikaa. Husema nini baadaye?

Jumatatu, 9 Agosti

Leo asubuhi nilichukua kikapu cha Nyanya Saru, nikakigeuza na kusema, "Hiki ni ghali, Nyanya." Sikuwa nimemwonya.

Alikirukia. Ghali? Hebu vuta mkono wake wa kubebea, vuta kwa nguvu, unaona unalegea? Rangi hii ya kahawia ni ya magome, nimeyachemsha siku mbili, ukifua mpaka uchoke haitoki. Wale wa mjini wanapaka rangi ya dukani, mvua moja tu inachuja, vazi lako limeharibika. Na hapa chini nimesuka mara mbili, kwa sababu kikapu huanza kufa chini. Weka viazi. Weka mtoto! Nilikuwa naandika haraka mpaka kalamu ikapasua karatasi.

"Unaandika nini?"

"Unachosema baadaye."

Aliinamia karatasi yangu. Kisha akaniuliza kama nimeandika pale pa kuweka mtoto.

Baada ya hapo walipanga foleni. Nikawa mnunuzi mbaya siku nzima. Nilimwambia Mama Chao kikapu chake kimepinda, nusura anipige nacho. Kila aliyemaliza kukitetea chake alininong'oneza bei ya mwisho sikioni, mwenzake asisikie. Niliwaahidi kwamba kwenye ukurasa itaonekana ya mwisho peke yake, na maneno yao yatatangulia. Nyanya Saru alikuwa wa mwisho. Hakunong'ona. Alichora namba chini kwa kidole, akaifuta kwa mguu nilipoiona.

Jumanne, 10 Agosti

Voi. Nimetafsiri na kupiga chapa tangu asubuhi. Kiingereza changu cha shule hakikutosha. Nilikuwa nimeandika "kikapu imara chenye ubora". Bi Rukia alisimama nyuma yangu, akaniuliza nani kasema maneno hayo. Nikasema mimi. "Basi wewe ndo utoke, mwanangu. Mwache bibi wa watu azungumze." Nikafuta. Nikaandika vuta mkono wake.

Nimetuma yote Nairobi. Pia nimemwandikia yule mama wa Uholanzi. Nimemwambia ukweli: bei aliyoiona ilikuwa mwanzo wa mazungumzo, sisi tulisahau kumwambia, na mwenye kikapu ana jibu lake. Nikaliweka jibu lote la Nyanya Saru. Na bei ya mwisho.

Sijui kama ni adabu kumwandikia mtu aliyekwisha kukataa. Nimetuma.

Alhamisi, 12 Agosti

Nairobi wamebadilisha ukurasa. Nimeusoma nikawasikia wote. Barua hakuna.

Ijumaa, 13 Agosti

Saa saba hakuna. Saa nane hakuna. Bi Rukia aliniambia nirudi baada ya sala ya alasiri, ataniachia tena kiti bila kunidai kitu. Saa kumi na nusu nikafungua.

Anakinunua. Nambari nne. Ameandika mistari mingi safari hii, na ameuliza kama ni kweli kinaweza kubeba mtoto.

Kimoja tu. Nimefurahi, na naogopa kwamba kimoja hakitoshi kuwazuia kesho. Basi la mwisho limeshaondoka. Naondoka alfajiri.

Jumamosi, 14 Agosti

Lori la dalali lilikuwa limenitangulia. Vikapu vimepangwa chini, yeye anavipitia kwa ncha ya kiatu. Nilimpita nikaenda moja kwa moja kwa Nyanya Saru, nikamwambia.

Dalali alisikia. "Hiyo kompyuta yenu inakula ugali?"

"Haili," Nyanya Saru akasema. "Imenunua tu."

"Kingapi?"

"Kimoja."

Alicheka sana. Baadhi ya wanawake waliinamisha macho, nami nikajua wataenda. Watano waliuza. Mama Chao ni mmoja wao, ana watoto watatu nyumbani na unga umekwisha. Alikuja kunishika mkono kabla ya kubeba vikapu vyake kwenda kwenye lori. Sikumlaumu. Nilimwambia maneno yake yatabaki kwenye ukurasa mpaka asuke kingine.

Sita walivirudisha vikapu vyao ndani. Shangazi Mghoi. Nyanya Saru. Wengine wanne. Dalali aliwaongezea bei kidogo, kisha kidogo tena, na hawakutoka.

Sita. Naweza kufanya kazi na sita.

Jumanne, 17 Agosti

Posta, pamoja na Nyanya Saru. Alikuja mwenyewe Voi na kikapu amekifunga kwenye leso yake. Karani alikitia kwenye karatasi ya kaki, akakaza kamba, akagonga muhuri. Nyanya Saru alimtazama mpaka mwisho. Aliuliza kama yule mama atakuja dirishani kukichukua. Nikamwambia hapana, kitasafiri chenyewe.

Tulitoka, tukakaa kwenye ngazi. Alikunja leso polepole. Akasema katika maisha yake hajawahi kuuza kikapu bila kumkabidhi mtu mkononi, na hajui mikono yake aiweke wapi.

Nikamuuliza kama angependa nimwandikie huyo mama neno lolote. Watu walikuwa wakipanda na kushuka karibu nasi. Kisha akasema nimwambie akitumie vizuri, na siku kikichoka chini, asikitupe, amrudishie yeye akisuke upya.

Nimeandika hivyo hivyo.